Jalada Lililofunguliwa Mara ya Pili: Upelelezi, Lugha na Fasihi katika Kesi ya Lurs, 1952–1960

1. Utangulizi

Katika riwaya ya upelelezi, jalada la zamani huwa ni ahadi. Afisa wa polisi wa mji mdogo hulitoa kabatini, hulipangusa vumbi, huwaendea mashahidi ambao sasa wamezeeka, na kabla ya ukurasa wa mwisho muuaji huwa amejulikana. Msomaji halihoji jambo hili kwa sababu utanzu wenyewe umemzoeza hivyo. Tangu Kamishna Maigret wa Georges Simenon, aliyepata umaarufu kuanzia mwaka wa 1931, hadi Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), utanzu huu umejengwa juu ya imani moja, kwamba yaliyotendeka hayapotei bali humsubiri mtu mwenye jicho kali. Muda unaopita hauhesabiwi kuwa adui wa ukweli, huuchelewesha tu.

Historia haina mazoea hayo. Makala haya yanaichunguza kesi moja ya mauaji katika mashamba ya kusini mwa Ufaransa, ambayo jalada lake lilifungwa kwa hukumu ya kifo mnamo Novemba 1954, likafunguliwa upya kabla mwezi mmoja haujatimia, na likafungwa tena mwaka wa 1956 bila ya jambo jipya kuthibitishwa. Kesi hiyo hujulikana kwa jina la Dominici, ukoo wa wakulima walioishi karibu na kijiji cha Lurs. Imeandikiwa vitabu vingi, na wengi wa waandishi wake wameshughulishwa na swali moja: nani aliyeua? Makala haya hayadai kulijibu swali hilo. Yanauliza lingine, ambalo ni la mhakiki zaidi kuliko la mpelelezi: afisa anapolifungua upya jalada la mauaji, anachokifungua hasa ni kitu gani?

Hoja inayotetewa ni kwamba ndani ya jalada la Lurs hamkuwamo tukio bali matini. Yalikuwamo maneno ya watu wa lahaja na mazingira fulani, yaliyotafsiriwa na makarani katika Kifaransa cha ofisini, yakatiwa sahihi, kisha yakasomwa na mahakama kana kwamba ndiyo sauti yenyewe ya wasemaji. Wapelelezi wa pili walishindwa kwa sababu walikwenda kuyahoji maneno yale yale kwa kuyaongezea mengine. Waandishi wawili, Jean Giono na Roland Barthes, waliliona tatizo hili mapema kuliko wanasheria. Hata hivyo, itaonyeshwa pia kwamba usomaji wao una upungufu wake, nao si mdogo.

2. Tukio na Mahali Pake

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Agosti 1952, familia moja ya Waingereza iliyokuwa likizoni ililala nje, kando ya gari lake, katika barabara kuu nambari 96 inayofuata bonde la mto Durance. Wilaya hiyo wakati huo iliitwa Basses-Alpes. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na shamba la Grand'Terre, makao ya mzee Gaston Dominici, mkewe, mwanawe Gustave, na mke na mtoto mchanga wa Gustave. Kulipopambazuka, Sir Jack Drummond na mkewe Anne walikuwa wamekufa kwa risasi. Binti yao Elizabeth, mwenye umri wa miaka 10, alikutwa ng'ambo ya daraja la reli, kwenye mteremko unaoelekea mtoni, kichwa chake kimepondwa kwa kitako cha bunduki.

Gustave Dominici ndiye aliyemsimamisha mpita njia mwenye pikipiki na kumwomba apeleke habari kwa askari. Jioni ya siku hiyo bunduki iliyotumika ilipatikana mtoni ikiwa imevunjika vipande viwili. Ilikuwa silaha ya Kimarekani ya aina ya M1, chakavu, iliyokwisha kutengenezwa kienyeji. Silaha za namna hiyo zilikuwa zimezagaa katika eneo hilo tangu vita vya 1944, kwa hivyo bunduki yenyewe haikumtaja mwenyewe.

Hapana budi kueleza pia jinsi kazi ya polisi ilivyogawanyika katika Ufaransa ya mashambani, kwani mgawanyiko huo uliathiri yaliyofuata. Usalama wa vijiji uko mikononi mwa jandarmeri, askari wa kijeshi wanaoishi katika vituo vidogo na wanaowajua wakazi kwa majina na kwa ugomvi wao. Uchunguzi wa mauaji makubwa, kwa upande mwingine, aghalabu ulikabidhiwa polisi wa upelelezi kutoka mji mkubwa, chini ya hakimu mchunguzi. Kwa hivyo askari wa vituo vya karibu walifika Lurs asubuhi, naye Kamishna Edmond Sébeille wa kikosi cha upelelezi cha Marseille akafika mchana. Kati ya saa hizo mbili, majirani, waandishi wa habari na watazamaji walikuwa wamekwisha kupita juu ya nyayo za usiku. Imesimuliwa mara nyingi kwamba suruali iliyoonekana ikikauka kambani pale shambani haikuchukuliwa ili ichunguzwe. Vitu vilianza kupotea siku ya kwanza, na pengo lake likaanza kuzibwa kwa maneno.

3. Jalada la Kwanza: Kutoka Kinywani hadi Karatasini

Upelelezi wa Sébeille ulichukua miezi kumi na mitano. Jamaa wa Grand'Terre walihojiwa wakahojiwa tena, na kila mahojiano yalizaa taarifa rasmi. Mnamo Novemba 1952 Gustave alihukumiwa kifungo cha miezi miwili kwa kosa la kutomsaidia mtu aliye hatarini, baada ya kubainika kwamba alipomkuta Elizabeth alfajiri ile, mtoto alikuwa angali hai. Kosa hilo lilijulikana kwa sababu ya maneno aliyomwambia jirani. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1953, Gustave na kaka yake Clovis walimtaja baba yao. Mzee Gaston, aliyezaliwa mwaka wa 1877 na kuishi maisha yake yote katika ufugaji na ukulima, alikiri mbele ya askari aliyekuwa akimlinda, kisha mbele ya kamishna wa mji wa Digne. Siku iliyofuata akatia sahihi. Tarehe 16 alipopelekwa kuigiza tukio mahali pa mauaji, alijaribu kujirusha kutoka daraja la reli. Baadaye akayakana yote.

Maungamo hayo yanastahili kuangaliwa kama anavyoangalia mhakiki usimulizi wowote. Kwanza, hayakuwa na umbo moja. Mara kisa kilikuwa cha bahati mbaya, mzee aliyedhaniwa kuwa mwizi wa usiku na akapambana na mgeni. Mara kilikuwa cha tamaa ya mwili, mzee aliyemchungulia mwanamke akivua nguo. Visa hivi viwili havina mhusika mmoja. Katika kile cha kwanza mzee ni mwoga aliyeshikwa na taharuki, na katika kile cha pili ni fisadi. Mahakama ilielekea kukipokea kisa cha pili, nacho ndicho chenye msuko unaofahamika zaidi kwa wasomaji wa riwaya na magazeti.

Pili, maungamo hayo yalipita katika mikono mingi kabla ya kufika mahakamani. Taarifa rasmi ya polisi wa Ufaransa haiwi nakala ya usemi. Afisa huuliza, shahidi hujibu kwa namna yake, kisha afisa humwamuru karani aandike muhtasari kwa nafsi ya kwanza, kana kwamba shahidi ndiye aliyesema hivyo. Kwa njia hii mchungaji asiyesoma hujikuta karatasini akitumia vitenzi vya wakati uliopita ambavyo havikuwahi kutoka kinywani mwake, na viunganishi vya sababu na matokeo ambavyo ndivyo vinavyokigeuza kisa kuwa hoja. Katika istilahi za uhakiki, nafsi inayosema "mimi" katika taarifa hiyo ni nafsi-simulizi iliyotungwa na ofisi. Sahihi iliyoko chini yake haiifanyi kuwa sauti ya mzee.

4. Lugha Mbele ya Mahakama

Kesi ilisikilizwa Digne kuanzia tarehe 17 hadi 28 Novemba 1954. Ili kuelewa kilichotokea katika siku hizo kumi na mbili, hapana budi kurudi nyuma zaidi ya karne nne. Amri ya Villers-Cotterêts ya mwaka wa 1539 ndiyo iliyoagiza kwamba shughuli za mahakama ziandikwe kwa Kifaransa. Sheria za elimu za miaka ya 1881 na 1882 ziliipeleka lugha hiyo vijijini kupitia shule ya lazima, na katika shule hizo lugha za mikoa zilihesabiwa kuwa ila ya kuondolewa. Kiprovansi hakikuwa lugha isiyo na maandishi. Mshairi wake mkuu, Frédéric Mistral, alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1904 na kukitungia kamusi kubwa. Lakini heshima ya Stockholm haikuvuka kizingiti cha mahakama ya Digne. Sheria ya kwanza ya kuruhusu baadhi ya lugha za mikoa zifundishwe shuleni, ile iitwayo ya Deixonne, ilipitishwa mwaka wa 1951, mwaka mmoja tu kabla ya mauaji ya Lurs. Gaston Dominici alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70.

Mzee huyu hakuwa bubu wala hakukosa Kifaransa kabisa. Alikuwa na Kifaransa cha kumtosha sokoni na barabarani, kilichochanganyika na Kiprovansi katika msamiati na sarufi. Hapo ndipo ulipokuwa mtego. Mtu asiyejua lugha ya mahakama hata kidogo hupewa mkalimani, na uwepo wa mkalimani humkumbusha kila mmoja kwamba kuna daraja linalovukwa. Anayeijua nusu hapewi mtu, na kila kosa lake husomwa kuwa ni ujanja.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni ule wa daraja. Mzee aliulizwa kama alikwenda darajani. Katika Kifaransa, kitenzi "kwenda" katika umbo hilo hutamkwa sawa na nomino yenye maana ya njia iliyopangwa miti kando zake. Mzee alisikia nomino. Akajibu kwamba pale hapana njia ya namna hiyo, naye anajua kwa kuwa amekwisha kufika, na katika kusema hivyo akatumia kitenzi kisaidizi kisichokubalika katika Kifaransa sanifu. Mahakama ilisikia mtu anayekwepa swali. Aliyekuwa akijibu kwa uaminifu wote alikuwa mkulima anayeijua ardhi yake, aliyeulizwa juu ya kitu kisichokuwapo.

Jean Giono alikuwa ukumbini akiliandikia jarida la Arts. Alikuwa mzaliwa wa Manosque, mji ulio karibu na Lurs, na riwaya zake zilikuwa zimejaa wachungaji, miinuko na mito ya eneo hilo. Maandishi yake juu ya kesi yalichapishwa kuwa kitabu mwaka wa 1955. Giono hakumtetea mzee kama wakili. Hakusema kwamba hana hatia. Alichofanya ni kazi ndogo ya mwanaisimu: aliyahesabu maneno. Kwa hesabu yake, mshtakiwa alikuwa akitumia msamiati wa maneno kati ya 30 na 35 tu, ilhali majaji, kiongozi wa mashtaka na mawakili walikuwa na maelfu. Takwimu hiyo inaweza kubishwa, kwa kuwa inahesabu Kifaransa cha mzee na kuuacha nje utajiri wa Kiprovansi chake. Lakini lengo lake li wazi. Katika kesi ambayo ushahidi wa vitu ulikuwa haba, na hukumu ikategemea nani amesema nini, upande mmoja ulikuwa na silaha na mwingine hauna. Giono alifikia kauli kwamba kesi nzima ilisimama juu ya maneno.

Roland Barthes alikwenda mbali zaidi katika insha fupi aliyoijumuisha katika Mythologies (1957). Kwa maoni yake, kilichomhukumu mzee hakikuwa tofauti ya msamiati pekee, bali saikolojia nzima iliyoazimwa kutoka fasihi ya tabaka la kati. Kiongozi wa mashtaka aliposhindwa kupata sababu ya mauaji, alimtungia mshtakiwa moyo, akautia tamaa, hasira na hila kwa mujibu wa wahusika aliowasoma shuleni, kisha akamwadhibu mtu kwa makosa ya mhusika. Barthes aliona hapo hatari inayomkabili kila mtu: kuhukumiwa na mamlaka ambayo haitaki kusikia lugha nyingine ila ile inayotuazima sisi. Lakini hakuilaumu fasihi yote. Alikiri kwamba ipo fasihi nyingine, ya maumivu na ya kuraruka, nayo pia ilikuwamo ukumbini humo.

Tarehe 28 Novemba 1954 mzee alihukumiwa kifo.

5. Jalada Kufunguliwa Upya

Baada ya hukumu, mzee aliwaambia mawakili wake kwamba aliwahi kuyasikia mazungumzo kati ya mwanawe Gustave na mkewe kuhusu usiku ule, mazungumzo yaliyoashiria kwamba kuna mwingine aliyehusika. Wizara ya Sheria iliamuru uchunguzi mpya. Mnamo Desemba 1954 Kamishna Charles Chenevier wa Paris, akiandamana na mwenzake Gillard, alitumwa kuanza kazi upya. Walimhoji mzee katika gereza la Baumettes, Marseille, akiwa ni mtu anayesubiri kukatwa kichwa. Baada ya kusitasita kwa mahakama, kazi iliendelea mwaka wa 1955 chini ya hakimu mchunguzi mwingine, hadi Novemba 1956 ilipotangazwa kwamba hakuna ushahidi wa kumshtaki mtu yeyote mwingine.

Kwa nini uchunguzi huu haukuzaa matunda? Jibu linalotolewa mara kwa mara ni la kiutawala: polisi wa Marseille na mahakimu wa Digne hawakufurahia kuona kazi yao ikipekuliwa na wageni kutoka Paris. Jibu hilo lina ukweli, ila halitoshi. Yapo mambo matatu yanayohusu asili ya ushahidi wenyewe.

Kwanza, mahali pa tukio palikuwa hapapo tena. Barabara, mto na daraja vilikuwapo, lakini nyayo, nguo na mpangilio wa vitu vya familia ile vilikuwa vimekwisha kutoweka. Bunduki ilikuwa imebaki, ila kumhusisha mtu nayo kulitegemea usemi, hasa wa Clovis aliyekuwa amesema kwamba ilikuwa silaha ya nyumbani kwao.

Pili, mashahidi walikuwa wamegeuka wasimulizi. Mtu anayeulizwa jambo moja mara ya kwanza hukumbuka alichokiona. Anayeulizwa mara ya ishirini hukumbuka alichokijibu. Katika miaka miwili jamaa wa Grand'Terre walikuwa wamekwisha kusema, kukana, kukana kwamba wamekana, na kusoma magazetini yale waliyoyasema. Gustave aliwahi kumshtaki baba yake na kuyafuta mashtaka hayo zaidi ya mara moja. Kila neno jipya lilipimwa kwa neno la zamani, wala si kwa tukio. Watafiti wa fasihi simulizi wanalifahamu jambo hili: masimulizi yaliyorudiwa mbele ya hadhira nyingi huyabeba matarajio ya hadhira hizo, na hakuna mbinu ya kuyavua yote ili kuufikia usimulizi wa kwanza.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, wapelelezi wa pili walitumia chombo kile kile cha wa kwanza. Walihoji, wakafupisha, wakaandika, wakatia sahihi. Mzee aliyekuwa ametoa fununu kuhusu mazungumzo ya mwanawe aliposhikwa aeleze zaidi, alisogea mbele hatua moja na kurudi nyuma mbili. Inawezekana alikuwa akiificha aila yake. Inawezekana pia alikuwa amejifunza, kwa gharama kubwa, kwamba lolote atakalolisema litaondoka kwake na kurudi likiwa na sura asiyoitambua. Jalada haliwezi kuamua kati ya mambo hayo mawili, kwa kuwa haliandiki kimya. Palipo na kimya, karani huandika tu kwamba shahidi hakuwa na la kuongeza.

6. Afisa wa Kijijini katika Riwaya ya Giono

Inafaa kukumbuka kwamba Giono alikuwa amekwisha kumbuni afisa wa aina hii kabla ya mauaji ya Lurs. Riwaya yake Un roi sans divertissement (1947) inamhusu Langlois, kapteni wa jandarmeri, anayetumwa katika kijiji cha milimani katika karne ya kumi na tisa, ambako watu wanatoweka wakati wa theluji. Mwanakijiji mmoja anagundua kwa bahati kwamba maiti zimefichwa juu ya mti, anamfuata muuaji hadi kwake, na kumpa afisa habari. Langlois hamfikishi mtu huyo mahakamani. Anampiga risasi.

Tofauti kati ya riwaya hii na kesi ya Lurs inafundisha mengi. Katika riwaya hakuna taarifa rasmi wala karani. Kisa kinasimuliwa na wazee wa kijiji waliokipokea kutoka kwa waliokuwapo, kila mmoja na alichokiona. Ukweli juu ya muuaji unajulikana, lakini ujuzi huo hauleti utulivu. Langlois anaendelea kuishi akiwa ameuona mvuto wa kuua ndani ya nafsi yake, na mwishowe anajiua. Giono, kwa hivyo, alikuwa ameikataa ahadi ya utanzu wa upelelezi miaka kadhaa kabla ya kuketi katika ukumbi wa Digne. Alikuwa ameonyesha kwamba hata pale muuaji anapopatikana, kisa hakifungwi. Ndiyo maana hakushangazwa na kesi ambayo ndani yake muuaji alihukumiwa na bado kila kitu kikabaki wazi.

Wasanii wa filamu nao walivutwa na uwazi huo. Orson Welles alianza kutengeneza filamu ya hali halisi juu ya kesi hii mwaka wa 1955 na hakuimaliza. Mwaka wa 1973 Jean Gabin aliigiza nafasi ya mzee katika filamu ya Claude Bernard-Aubert. Gaston Dominici, ambaye kosa lake la kwanza mbele ya mahakama lilikuwa kutofanana na mhusika yeyote anayeeleweka, aliishia kuwa mmoja wa wahusika mashuhuri wa utamaduni wa Ufaransa.

7. Waliokosa Lugha Kabisa

Usomaji wa Giono na Barthes umekuwa na athari njema. Umewafundisha wahakiki kuiangalia mahakama kuwa mahali ambapo mitindo ya lugha hugombana, na ambapo mshindi hujulikana kabla ya ushahidi kusikilizwa. Lakini kuna jambo lililosahauliwa, nalo linahitaji kusemwa bila ya kupunguza uzito wa hoja zao. Katika maandishi yao nafasi yote imechukuliwa na mzee na majaji. Waliouawa wametajwa kama sababu ya kesi, wala si kama watu.

Ni kinaya kwamba hao nao walikuwa watu wa maneno. Jack Drummond, mtaalamu wa biokemia, ndiye aliyependekeza mwaka wa 1920 tahajia ya neno "vitamin" inayotumiwa hadi leo, pamoja na utaratibu wa kuzipa vitamini majina ya herufi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa mshauri wa Wizara ya Chakula ya Uingereza, na mgao wa chakula uliowalisha mamilioni ya watu ulitegemea elimu yake. Anne Wilbraham, kabla ya kuwa mkewe, aliandika naye historia ya chakula cha Waingereza iliyochapishwa mwaka wa 1939. Elizabeth alikuwa na miaka 10. Katika hali aliyokutwa nayo alfajiri ile, hakuna aliyemsikia akisema neno, na mtu aliyemkuta hai hakumsaidia.

Hapa nadharia inayouona mgogoro wote kuwa wa lugha mbili zinazopambana hufikia kikomo chake. Mzee alikuwa na maneno 35 na hakusikika. Mtoto hakuwa na hata moja. Mhakiki anayemtetea wa kwanza kwa kusema kwamba kesi ilikuwa ya maneno tu, bila ya kukusudia anamwondoa wa pili katika kesi. Haki kwa mshtakiwa na haki kwa aliyeuawa hazipingani. Mahakama iliyomsikiliza mzee kwa lugha yake ingekuwa pia imekaribia zaidi kujua nani aliyemshikia bunduki mtoto. Kwa kumtungia mzee kisa, mahakama ya Digne iliwadhulumu wote wawili.

8. Hitimisho

Mnamo 1957 Rais René Coty aliibadilisha hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Tarehe 14 Julai 1960 Jenerali de Gaulle aliamuru mzee aachiliwe, akiwa na umri wa miaka 83. Hakusamehewa rasmi, wala kesi haikusikilizwa upya. Alifariki Aprili 1965. Jamaa zake wameendelea kuomba hukumu irudiwe, lakini sheria ya Ufaransa hudai jambo jipya, na hukumu ya 1954 haijabatilishwa. Ufaransa ilifuta adhabu ya kifo mwaka wa 1981.

Serikali, basi, haikusema kwamba mzee hana hatia, wala haikuthubutu kumkata kichwa. Msimamo huo wa kati unaeleza vizuri zaidi kuliko hukumu yoyote hali ya jalada lenyewe. Rais wa kwanza na wa pili walilisoma kama anavyolisoma msomaji makini: waliona kwamba kisa kinaweza kuwa cha kweli, na kwamba kisa chenyewe hakitoshi.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, kesi ya Lurs inatoa somo la kimbinu. Kulifungua upya jalada la mauaji ni tendo la uhakiki, na uhakiki wowote wa matini zilizotafsiriwa unapaswa kuanza kwa mfasiri: nani aliyeandika, kwa lugha gani, kwa kufupisha nini, na mbele ya nani. Chenevier na Gillard walitafuta mtu mwingine ndani ya matini waliyoikuta. Laiti wangeanza kwa kuuliza jinsi matini hiyo ilivyotungwa, huenda bado wasingempata muuaji, kwani vitu vilikuwa vimepotea na wasemaji walikuwa wamechoka. Lakini angalau wangeweza kusema kwa yakini ni yapi miongoni mwa maneno yale yaliyokuwa ya Gaston Dominici na ni yapi yaliyokuwa ya ofisi. Katika nchi ambayo mtu angeweza kukatwa kichwa kwa nguvu ya taarifa aliyoitia sahihi bila ya kuweza kuisoma vyema, kujua hilo hakukuwa jambo dogo.